Mzee Mgeni Aomba Ruhusa kwa Bwana Aliyempokea

Mzee Mgeni bin Shehe, mwandishi na msomaji wa barua za kikale cha Mabira, makao ya Mkungu anayetutawala, anaweka kalamu chini leo, siku ya mwisho ya mwezi wa Shaabani, mwaka ambao Wazungu wanauita elfu moja mia tisa na kumi na mbili. Alianza kazi katika mvua za kwanza baada ya sotoka kutumalizia ng'ombe. Wenye kuhesabu wanasema ametumika miaka ishirini. Mimi najua tu kwamba siku alipoingia ua huu wa Mkungu wetu ndevu zake zilikuwa nyeusi kama wino wake, na leo mkewe Mwaja anamwongoza mkono ili asikanyage vifaranga.

Maneno haya ni ya Bibi Nyamwiza, mtunza moto wa nyumba kubwa. Anayeyaandika ni Othman, mkwe wa Mzee Mgeni, ambaye kuanzia kesho kalamu ni yake. Nimemwambia aandike kama ninavyosema, asinipambe. Nyinyi mliokuja na ndizi na pombe zenu, kaeni vizuri kwenye nyasi, watoto wanyamaze, msikilize habari za mtu.

Baba yake, Shehe, alitoka pwani na msafara, akafika Kafuro kuuza shanga na vitambaa, akaoa Mnyambo, akasahau njia ya kurudi. Mgeni akalelewa na Kiswahili cha baba upande mmoja na Kinyambo cha mama upande wa pili. Akapelekwa chuoni kwa mwalimu mmoja mkali aliyewafundisha watoto Kurani na kuandika. Mwalimu yule alimwapisha kabla ya kumpa kalamu: usiandike neno ambalo mwenyewe hajalitamka, na usigonge muhuri mpaka umsomee yote naye akubali. Mgeni akaapa. Kiapo hicho alikishika hata nyumbani kwake. Mwaja atawaambia: akitumwa salamu kwa wakwe, anamsomea kwanza mkewe zile salamu alizomtuma, anasubiri aitikie, ndipo anavaa viatu. "Nimeolewa na baraza," Mwaja husema.

Mkungu Katunzi, Mungu amrehemu, ndiye aliyempokea. Boma la Wazungu lilikuwa limeshajengwa kule ziwani, na Bwana Mkubwa wa boma alitaka kila Mkungu amwandikie. Ukikaa kimya, anaona umeasi. Ukiandika bila heshima, anaona umelewa. Barua zote za wakati ule zilianza kwa namna moja: kwa bwana wangu, jua la nchi, mimi mtumwa wako, udongo wa mlangoni pako, naanguka kifudifudi, naanguka chali. Hivyo ndivyo Bwana Mkubwa alivyopenda.

Katunzi alilichukia neno udongo kuliko alivyochukia kupe. "Andika, Mgeni," alisema, "andika hilo neno lao tuendelee." Mgeni akaweka kalamu juu ya kikombe cha wino. "Waitu, bwana wetu, ulitamke mwenyewe." Katunzi akamtazama. Akatutazama sisi wa jikoni. Akageuka na kigoda chake, akaelekea ukutani, akamwambia ukuta: "Mimi ni udongo." Halafu akageuka tena, akawasha kiko, akavuta kwa hasira. Toka siku hiyo, kila barua ilipoandikwa, tulimwona Mkungu wetu akigeukia ukuta, na sisi tukiangalia sufuria zetu kama watu wasiosikia.

Barua ikiisha, Mgeni aliisoma yote kwa sauti. Katunzi hakusema ndiyo wala hapana. Akiridhika, aligonga kiko kwenye mguu wa kigoda: ko, ko. Asipogonga, karatasi iliingia motoni kwangu. Mlio ule nimeusikia maisha yangu. Kigoda cha mti mgumu, kiko cha udongo chenye bomba refu. Hakuna mlio mwingine kama ule.

Tulikuwa na jirani, Mkungu Kyaruzi, aliyependa ng'ombe wa watu na vijana wa watu. Katunzi aliandika boma kuomba askari wa kulinda malisho ya mpakani. Jibu likaja: leteni mikeka na asali. Tukapeleka. Akaandika tena kuomba askari. Tukaletewa bendera, moja, na maelezo ya namna ya kuikunja. Katunzi akamfunika nayo ndama mgonjwa. Ndama akapona, kwa hiyo siwezi kusema haikusaidia. Kyaruzi naye alikuwa na mwandishi wake, akiandika kule kule: Katunzi anakutukana, Katunzi anakuficha pembe za ndovu, Katunzi ni mzee, nchi yake nipe mimi niitunze. Huko bomani barua zetu zilikaa juu ya meza moja na za adui yetu. Nashangaa hazikupigana.

Halafu boma likaita watoto. Kila Mkungu atoe mwana mmoja akakae ziwani, asome, ajifunze desturi. Walisema kusoma. Sisi tulijua ni rehani. Katunzi alikuwa na mwana mmoja tu wa kurithi kigoda, Rwiza, kijana ambaye ndevu ndiyo kwanza zilianza. Asubuhi ya kuondoka, baba na mwana waliingia zizini peke yao. Katunzi alimpa ndama jike aliyezaliwa jana yake, akampa na jina sikioni. Rwiza akatoka macho mekundu, akapita kwangu akanikumbatia, akashika njia ya ziwani na wachukuzi. Aliniachia kanzu yake nimfulie. Nikaikunja.

Katunzi hakula vizuri tena. Kabla ya mtama kuanza kutoa masuke, alianguka. Alimwita Mgeni kitandani, akamshika mkono wa kalamu, akasema, nami nilikuwepo: "Usiondoke mpaka nikwambie." Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya mwisho.

Sasa wageni wa Bugene na wa mbali zaidi wajue desturi yetu. Mkungu akifariki hatutamki kwamba amekufa. Hatulii. Ngoma hupigwa asubuhi kama kawaida, maziwa huingizwa ndani kama kawaida. Yeye hufungwa katika ngozi mbichi, hukalishwa nyuma ya pazia la nguo ya gome, na moto wa nyumba hauzimwi mpaka mrithi akalie kigoda. Ndipo ngoma hupinduliwa na watu wakalia. Mtunza moto tu ndiye huingia, na yule mwenye kazi na Mkungu. Mtunza moto nilikuwa mimi.

Na mrithi alikuwa ziwani, mikononi mwa boma. Kama Bwana Mkubwa angejua kwamba Katunzi hayupo, Kyaruzi angekalishwa kwenye kigoda chetu kabla mwezi haujaandama, na Rwiza tusingemwona tena. Ilibidi mtoto arudi kwanza. Na wa kumwomba arudi ni baba yake tu.

Wazee walimzunguka Mgeni uani. "Andika," walisema. "Mkungu anaumwa, anataka kumwona mwanawe. Basi. Nani atajua?" Mgeni akasema, "Mimi nitajua." Mzee mmoja akamfokea, "Wewe mtoto wa pwani, nchi inakwenda, wewe unatuletea kiapo cha chuoni!" Mgeni hakupandisha sauti. "Nitaandika atakachosema. Asiposema, siandiki." Wazee wakatazamana. Walidhani amekataa. Yeye akavua viatu, akachukua ubao wake, wino na kalamu, akaingia nyumba kubwa.

Mimi nilikuwa kwenye moto. Alikaa mbele ya pazia, mahali pake pa siku zote. Akasema, "Shikamoo, Waitu." Akanyamaza kwa muda ule ule ambao Katunzi alimchelewesha kila siku. Akasoma barua ya mwisho ya boma, ya kudai mikeka. Akanyamaza tena. Nikaona anainamisha kichwa upande, kama unavyofanya mtu wa sauti ndogo anapozungumza nawe. Kalamu ikaanza kwenda. Ikasimama. Mgeni akasema polepole, kwa adabu, "Rudia, Waitu. Neno la mwisho sikulipata." Kalamu ikaenda tena.

Mimi sikusikia kitu. Nasema kweli mbele yenu, sikusikia sauti. Lakini alipomaliza, akaisoma barua yote. Ilianza na udongo wa mlangoni, ikaomba mtoto aje amwone baba yake. Kisha akangoja. Nyuma ya pazia kukagongwa: ko, ko.

Kuni ilinianguka. Mgeni akabusu muhuri, akaugonga, akatoka nje bila kunitazama. Na mimi nikaingiza mkono katika kapu langu la maharage. Kwa sababu siku tulipomwosha Katunzi, kiko nilikitoa vidoleni mwake mwenyewe, nikakifunga kwenye jani la mgomba, nikakificha kapuni nimtunzie Rwiza. Kapu lilikuwa magotini mwangu muda wote. Kiko kilikuwemo. Jani halikufunguliwa. Na kilikuwa cha moto, kama kimetoka kuvutwa.

Boma halikujibu upesi. Kyaruzi alikuwa ameshaandika kwamba Katunzi ni maiti na kwamba wanaoandika ni watumishi. Alijuaje? Alinusa, yule. Basi Bwana Mkubwa akamwita Rwiza, akamuuliza atajuaje kama baba yake yu hai. Rwiza akasema, muulizeni jina la ndama aliyenipa. Hilo tunalijua sisi wawili. Barua ikaja na swali hilo, na tarishi akaambiwa asirudi bila jibu.

Wazee wakakimbilia zizini. Wakamuuliza mchungaji, naye alimwita ndama yule kwa rangi yake. Wakawauliza wake wa Katunzi, hawakujua. Mmoja akasema tukisie, majina ya ng'ombe si mengi. Mgeni alikuwa anatawadha. Akamaliza, akaifuta mikono, akaingia.

Nilitamani kutoka. Moto ukanizuia. Alisalimia, akasoma swali, akasubiri. Akasubiri sana. Jasho lilimtoka, nikadhani safari hii hakuna kitu, na moyoni nikamlilia Rwiza kana kwamba ni yeye aliyelala pale. Halafu nikaona ndevu za Mgeni zinatikisika kidogo, kama mtu aliyepuliziwa sikioni. Akatabasamu. Siku zote za kazi yake sikumwona akitabasamu hivyo. Akaandika neno moja, akalisoma kwa sauti ndogo, na mimi nikalisikia. Ko, ko.

Jina lenyewe silisemi. Lilikuwa la watu wawili, nami nililipata kwa ajali.

Rwiza alipoonyeshwa neno lile alicheka mbele ya Bwana Mkubwa mpaka akalia. Akaruhusiwa kuja kumwona baba, pamoja na askari mmoja wa kumlinda na kumrudisha. Waliingia kikaleni asubuhi, ng'ombe wakitoka kwenda malishoni. Askari alitaka kumwona Mkungu kwa macho yake. Wazee wakasema, mgonjwa haonwi na mgeni, simama hapa mbele ya pazia, toa salamu. Askari akapiga visigino, akasema kwa sauti ya kwata, "Jambo, Mkungu!" Mimi nikaufunika uso. Ko, ko. Askari akapiga saluti kubwa, akageuka, akaomba maji ya kunywa. Alikunywa kibuyu kizima, na hakutaka kukaa karibu na nyumba ile tena. Kumwuliza Rwiza lini watarudi ziwani, hakumwuliza.

Siku hiyo hiyo Rwiza alikalishwa kwenye kigoda. Watu wakapiga magoti, ngoma zikapinduliwa, nasi tukalia kilio tulichokuwa tumekifunga tumboni tangu mtama ulipokuwa mchanga hadi ulipovunwa. Kyaruzi alipofika na watu wake na furaha yake, alikuta Mkungu mpya ameshapokea maziwa. Mgeni akaandika boma, safari hii kwa kinywa cha Rwiza, kwamba baba ametutoka na mwana amekaa. Boma likajibu kwa pole, na kwa kuomba mikeka.

Nilimpelekea Rwiza kiko cha baba yake. Alikishika, akakirudisha haraka kapuni. "Bibi, kaa nacho," alisema. "Bado anakitumia."

Miaka iliyofuata Mzee Mgeni alifanya kazi nyingi ambazo ningeweza kuzisema mpaka pombe ikachacha. Aliandika barua zilizowarudisha vijana wetu waliochukuliwa na watu wa Kyaruzi. Aliwasomea wajane barua za waume waliokwenda upagazi na hawakurudi, akiwashikia mkono wakati wa kusoma. Aliwafundisha watoto wa Kiislamu na wasio wa Kiislamu, na aliyekuja na njaa alimfundisha baada ya kula. Hakuwahi kuuza siri. Nilimwuliza siku moja, tukiwa wawili tu, alisikia sauti ya namna gani nyuma ya pazia. Akasema, "Dada Nyamwiza, uji wako unapoa." Ulikuwa unachemka.

Lakini kuondoka kwake hakukuwa rahisi, na hili wengi wenu hamlijui. Mtumishi wa kikale haachi kazi. Huachiwa, na anayemwachia ni yule aliyempokea. Mkungu Rwiza alisema, "Baba mdogo, nenda ukapumzike, umeshamaliza macho kwa ajili yetu." Ikawa haitoshi. Mgeni alikuwa amepokewa na Katunzi, na Katunzi alimwambia usiondoke mpaka nikwambie. Mwaja alikuwa ameshatanguliza mizigo Bugene, chumvi ya duka lake na magunia ya vitambaa, naye alikuwa amekaa juu ya sanduku la mwisho, mikono kiunoni. "Mimi wake wenza nimewasikia katika hadithi za watu," alisema, "lakini mke mwenza maiti sijamsikia."

Wiki iliyopita tukaingia, yeye na mimi, nyumba ya kaburi la Katunzi, ambamo moto niliouhamishia huko bado unawaka. Mzee Mgeni, aliyeandika maneno ya wengine maisha yake yote, alikuwa ameandika ya kwake. Akaisogeza karatasi hadi puani. Akasoma: Kwa Waitu Katunzi, mimi mtumwa wako, udongo wa mlangoni pako, naanguka kifudifudi, naanguka chali, naomba ruhusa nikapumzike. Akangoja.

Kimya. Kesho yake tukarudi, akasoma tena. Kimya. Nilimwona anazeeka pale pale alipokaa. Akaanza kukunja karatasi. Akasema, "Basi nitakaa, Dada. Mwambie Mwaja arudishe mizigo."

Ndipo mimi nikachoka. Nikapiga sufuria kwa mwiko. "Katunzi! Mtu huyu alikunyima nini? Ulipokuwa hai alikuandikia, ulipokufa alikuandikia, mwanao amerudi, nchi ipo, kigoda kipo, macho yake ndiyo hayapo. Unataka nini tena?" Moto ukatoa cheche, basi. Nikatazama ile karatasi magotini mwake, ambayo siwezi kuisoma, na nikakumbuka mtu aliyegeukia ukuta. Nikamwambia, "Mgeni, hebu ondoa huo udongo. Hakuupenda alipokuwa amekaa juu yake. Utampendezaje leo amelala ndani yake?"

Mzee Mgeni akanitazama. Akachukua kalamu, akakata. Akaandika kitu kifupi juu ya pale alipokata. Akasoma upya: Kwa Waitu Katunzi, mimi Mgeni, rafiki yako, naomba ruhusa.

Ko, ko.

Hakikuchelewa hata kidogo. Mzee Mgeni aliinamisha paji la uso mpaka chini, akalia kama mtoto, na mimi nikajifanya napuliza moto.

Kwa niaba ya Mkungu Rwiza, ya wazee, ya wachungaji, ya wajane uliowashika mkono, na ya jiko lote linalojua ulivyopenda ndizi zilizoungua kidogo, ahsante, Mgeni. Ulituletea mtoto wetu nyumbani na hukusema uongo. Othman, kiapo ni kile kile, usinichezee. Mwaja, mpishie vizuri, na akikusomea salamu zako, mwitikie upesi mtu asimame.

Mgeni, njia ya Bugene ni ndefu na leo kuna ukungu. Ukisikia kugongwa nyuma yako, usigeuke, huitwi. Ni yeye anakusindikiza. Ukaishi vyema, ukalale mpaka jua lipande, na mwezi ukiandama jioni, kesho ufunge nasi ukiwa kwako.

Othman amemaliza kunisomea yote haya. Kiko kimo kapuni, magotini mwangu, ndani ya jani lake. Tangu alfajiri kina joto. Nilitaka kukitoa nigonge kwamba nimekubali, lakini kabla sijafungua jani, nyote mmesikia.